Sayansi ya data ukiwa chuoni: pa kuanzia, wa kuwafuata, na namna ya kupata watu wa kuhangaika nao

Kuna wanafunzi wengi wanaikimbia sayansi ya data (yaani kutumia kompyuta na takwimu kusafisha data, kuichambua na kupata majibu ndani yake) kwa sababu digrii yao haina neno "data" kwenye jina, wanaona hayo ni mambo ya watu wa kompyuta na hesabu basi. Halafu kuna wengine wana vyeti vya kozi za mtandaoni hata ishirini, ila ukiwapa faili moja chafu lenye nafasi tupu na tarehe zilizoandikwa kwa mitindo mitatu wanakodoa macho tu. Mi nilikuwa hilo kundi la pili kwa hiyo simsemi mtu. Kilichonitoa huko sio kozi ya ishirini na moja, ni kukaa chumba kimoja na watu waliokuwa wanakwama palepale ninapokwama mimi. Ndo maana mwongozo huu umeelemea upande huo, mafunzo yapo mengi lakini ukiyasoma peke yako yanayeyuka ndani ya wiki mbili.

Hatua ya 1: Zunguka chuo kabla hujazunguka intaneti

Wengi wanaenda moja kwa moja idara ya kompyuta au ya takwimu, wanakuta kozi imejaa au inataka uwe umesoma hesabu fulani, wanarudi wamenyong'onyea. Anza maktaba. Ndio, maktaba, usicheke. Maktaba nyingi za vyuo siku hizi zina wakutubi ambao kazi yao ni data za utafiti, wanaendesha vipindi vifupi vya R na Python (lugha za kuandikia programu za kompyuta), kusafisha data, kupanga mafaili, hata kuchora ramani kwa kompyuta, na mara nyingi huhitaji kusajiliwa kozi yoyote, unajiandikisha tu jina na unakuja.

Ukitoka hapo pita kwenye kitengo cha kompyuta kubwa za utafiti kama chuo kinacho. Hawa wana mashine kali lakini watumiaji wanaojua kuzitumia ni wachache, kwa hiyo kufundisha ni faida yao pia. Halafu pita kwa watu wa baiolojia, jiografia, uchumi, afya ya jamii. Watu hawa wamekalia data nyingi kuliko unavyodhani na wengi wanatafuta mtu wa kuwasaidia kuzichambua, ila hawajui wamuulize nani.

Ukifika usiulize "mnafundisha sayansi ya data?" maana utajibiwa "hapana" na mlango utafungwa. Uliza hivi: mafunzo ya siku moja au mbili yapo lini, kuna saa za ushauri ambapo mtu anaweza kuja na tatizo lake la data, na ni wanafunzi gani wa uzamili au uzamivu wanaofanya mambo haya. Hilo la mwisho ndo lenye faida kuliko yote. Mwanafunzi wa uzamivu anajua kila kitu kinachoendelea, vikundi vyote, na mhadhiri yupi ana muda na yupi hana.

Na ukisikia warsha ya The Carpentries inakuja chuoni kwenu, wahi nafasi. Ilianzia kwenye Software Carpentry ya mwaka 1998, baadae ikaja Data Carpentry, na 2018 zikaungana zikawa kitu kimoja. Wanafundisha watafiti misingi ya kompyuta na data, kawaida siku mbili hivi, na masomo yao yote yako wazi, unaweza kuyasoma hata kama warsha haijafika kwenu na unaruhusiwa kuyatumia kufundisha wengine ilimradi useme umeyatoa wapi. Hiyo ya mwisho ishike, tutairudia.

Hatua ya 2: Chagua lugha kwa kuangalia jirani

Hapa watu wanabishana kama mashabiki wa timu pinzani. Python ilitolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, inafanya kila kitu, tovuti, roboti, data. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman chuo kikuu cha Auckland huko New Zealand mwanzoni mwa miaka ya tisini, hiyo ilizaliwa kwa ajili ya takwimu na grafu. Zote ni bure, na mambo ya mwaka wako wa kwanza utayafanya kwa yoyote kati ya hizo.

Kwa hiyo ipi? Ile ambayo mtu unayeweza kumfikia kwa miguu anaitumia. Basi. Kama maktaba inafundisha R na rafiki yako wa ekolojia anatumia R, ukijifungia na Python kwa sababu umeona mtu mtandaoni anaisifia, utakwama saa nne usiku na hakuna wa kumuuliza. Ukishaiva kwenye moja, ya pili haikuchukui muda. SQL, lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata, iongeze baadae kidogo, ni fupi na inahitajika karibu kila sehemu.

Excel je? Sio dhambi, mi bado naifungua kila siku. Ila jua inapofikia mwisho. Oktoba 2020 Uingereza waligundua kwamba wagonjwa 15,841 wa korona hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, na chanzo kilikuwa kupitisha matokeo kwenye faili la muundo wa zamani wa Excel, ule wa XLS, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536, ikizidi hapo inaachwa nje kimyakimya. Watu wa jeni nao waliteseka miaka, unaandika jina la jeni MARCH1 Excel inadhani ni tarehe moja mwezi wa tatu, inakubadilishia bila hata kukuuliza. Ikafika 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua bora wabadilishe majina yenyewe, MARCH1 ikawa MARCHF1. Yaani binadamu wamebadilisha majina ya jeni zao kwa sababu ya Excel, hebu fikiria.

Hatua ya 3: Ingiza programu kwenye kompyuta siku tatu kabla

Hii fupi lakini ndo inaua watu wengi. Warsha yangu ya kwanza nilifika nikijua nitainstoli palepale, intaneti ya chumba kile ikawa inavutwa na watu thelathini kwa wakati mmoja, saa tano asubuhi wenzangu wanachora grafu mi naangalia mstari unaojaa asilimia 12. Nilitoka siku ile najua kuinstoli tu. Kwa hiyo fuata maelekezo mapema, fungua programu uone inafunguka, andika 2 + 2 uone inajibu 4. Ikigoma waandikie waandaaji kabla, hawatakuona mjinga, watashukuru kwa sababu umewapunguzia kazi ya siku yenyewe. Na kama kompyuta yako imechoka sana, uliza kama mnaweza kutumia Jupyter kwenye seva ya chuo au Google Colab, hizo unaandika na kuendesha programu yako ndani ya brauza tu, huinstoli kitu.

Hatua ya 4: Namna ya kukaa ndani ya mafunzo

Usikae nyuma. Kaa pembeni ya mtu usiyemjua, ikiwezekana wa idara nyingine kabisa.

Andika kodi kwa mikono yako (kodi hii sio ya nyumba, ni maelekezo unayoiandikia kompyuta), usikopi na kupesti. Mwalimu mzuri anaandika mbele yenu kwenye skrini huku mnamfuata, na uzuri wake ni kwamba na yeye anakosea, mnaona anavyosoma kosa na kulitafuta. Hilo kwenye video huwezi kulipata maana wanaedit makosa wanayatoa.

Kwenye warsha za The Carpentries mara nyingi kila mtu anapewa vikaratasi viwili vya kubandika, rangi mbili. Umemaliza zoezi unabandika cha rangi moja juu ya kompyuta, umekwama unabandika kile kingine, msaidizi anakuja kimyakimya. Ni kitu kidogo ila kimeokoa watu wenye aibu, huhitaji kunyoosha mkono chumba kizima kikugeukie. Kitumie. Usikae dakika ishirini umekwama unajifanya unaelewa, maana somo la mchana linajengwa juu ya la asubuhi.

Na jifunze kusoma makosa mapema. Python ikikumwagia maandishi mekundu nusu skrini usiogope na usianzie juu, soma mstari wa mwisho kwanza, hapo ndo imeandika tatizo ni nini, halafu panda juu uone ni mstari gani wa kodi yako. Nusu ya makosa ya mwanzoni ni mabano hujafunga au umeandika Umri sehemu moja na umri sehemu nyingine, na kwa kompyuta hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hatua ya 5: Wiki ile ile, fanya kitu kimoja mpaka mwisho

Ukitoka kwenye warsha una kama siku saba kabla hujasahau. Kama una data yako ya utafiti tumia hiyo. Kama huna, chukua ile ya abiria wa Titanic iliyopo Kaggle, tovuti ya data na mashindano ya kuzichambua, najua imechakaa kila mtu ameifanya, lakini ndo uzuri wake, ukikwama kuna watu maelfu walikwama hapohapo kabla yako.

Faili la kujifunzia lina abiria 891. Kabla ya kukimbilia modeli (programu inayojifunza kwenye data halafu inatabiri, hapa nani kapona na nani kafa), hesabu kwanza nini hakipo. Utakuta umri umekosekana kwa watu 177, na namba ya chumba imekosekana kwa 687, yaani zaidi ya robo tatu. Kaa hapo. Utafanyaje na hao 177, utawatoa, utawajazia wastani, utawaacha? Mkiwa watatu mezani mtapata majibu matatu na mtabishana, na ubishi huo ndo somo lenyewe, modeli ni mistari mitatu tu ya kodi.

Halafu hesabu waliopona, ni 342. Maana yake 549 walikufa, kwa hiyo mtu akiandika programu ya kipumbavu inayosema "wote wamekufa" atakuwa amepatia karibu asilimia 62 bila kujifunza chochote. Kwa hiyo mtu akija anajisifu modeli yake inapatia asilimia 65 unatabasamu tu. Sasa gawa kwa jinsia, wanawake 314 walipona 233, wanaume 577 walipona 109. Ukitabiri kwa jinsia peke yake, mwanamke kapona mwanaume kafa, umeshafika karibu asilimia 79, na hapo hata modeli hujatumia, umetumia kuhesabu. Kuanzia siku nilipolielewa hili niliacha kutishika na watu wenye maneno makubwa.

Hatua ya 6: Tafuta kikundi, na kama hakipo kianzishe

Uliza kwanza kama chuoni au karibu kuna kikundi cha watumiaji wa R au Python. R-Ladies na PyLadies wana matawi sehemu nyingi duniani, wameanzishwa ili wanawake na watu wa jinsia zilizoachwa nyuma wapate nafasi kwenye hizi lugha, angalia kama kuna la karibu yenu. Kama hamna kitu chochote, usianze na katiba, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, nimeona vikundi vimekufa kwenye uchaguzi hata mkutano wa kwanza haujafanyika. Unahitaji vitu vitatu: chumba, saa isiyobadilika (mfano kila Jumatano jioni), na mtu mmoja ambaye atakuwepo hata wakija wawili. Watakuja wawili, zoea. Usibadilishe siku kwa sababu hawakuja, maana ukibadilisha hata wale wawili unawapoteza.

Siku ya kwanza usilete mada nzito. Mi napenda kuanza na data nne ndogo alizotunga mwanatakwimu Francis Anscombe mwaka 1973, kila moja ina nukta 11. Gawa watu makundi manne, kila kundi lipewe moja bila kuona za wenzao, waambie watafute wastani na uhusiano wa x na y (namba inayoonesha viwili hivyo vinakwenda pamoja kiasi gani, 1 ikiwa ni kabisa). Wote watakuja na majibu yaleyale, wastani wa x ni 9, wa y ni 7.5, uhusiano 0.816 hivi. Watasema tumepewa data moja. Halafu waambie wachore. Moja ni mstari uliotawanyika kawaida, moja ni mkunjo kama upinde, moja ni mstari ulionyooka kabisa na nukta moja imetoroka, na ya mwisho nukta zote zimesimama wima isipokuwa moja imeenda mbali peke yake. Chumba kinalipuka. Huhitaji hotuba ya kwa nini tunachora grafu.

Baada ya hapo kikundi kijiendeshe kwa shida za watu, kila wiki mmoja analeta kitu kilichomkwamisha. Siku ikikosekana shida chukueni somo mojawapo la The Carpentries mlipitie pamoja, si nilisema yako wazi. Wekeni kanuni za tabia mapema, ukurasa mmoja unatosha, ziseme wazi nini hakikubaliki na mtu akisumbuliwa amwambie nani. Watu wanaona ni mambo ya urasimu mpaka siku linapotokea ndo mnatafutana. Na kitu kimoja kipigeni marufuku kabisa: kumwambia mtu "mbona hiyo rahisi tu". Kwake sio rahisi, ndo maana kauliza.

Hatua ya 7: Kuwa msaidizi mapema kuliko unavyodhani unastahili

Warsha ya pili omba kuwa msaidizi, wale wanaozunguka kwenye meza. Utasema sijui vya kutosha. Mtu aliyejifunza mwezi uliopita anakumbuka kilichomchanganya, profesa alishasahau miaka 15 iliyopita. Utakutana na makosa ambayo peke yako usingeyaona mwaka mzima, kompyuta za kila aina, mafolda yamepotea, mtu kahifadhi kodi kwenye Word na Word imegeuza alama za kunukuu zikawa zile zilizojipinda ambazo kodi haizikubali.

Sheria ya msaidizi ni moja, usiguse kibodi ya mtu. Mikono nyuma. Muulize "ulitegemea nini na umepata nini", mwoneshe kwa kidole, aandike mwenyewe. Ukinyakua kibodi ukarekebisha kwa sekunde tano umesaidia kompyuta, yeye hujamsaidia.

Hatua ya 8: Kazi zako zionekane

Jifunze Git, programu ya kutunza kila toleo la mafaili yako, ile aliyoitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya Linux. Itakukera mwanzoni, inamkera kila mtu. Lakini ndo inakutoa kwenye maisha ya tasnifu_mwisho, tasnifu_mwisho2, tasnifu_mwisho_kabisa. Weka kazi mbili au tatu zilizokamilika GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonesha kodi, kila moja na maelezo ya aya moja: swali lilikuwa nini, data imetoka wapi, umepata nini, wapi huna uhakika. Hiyo ya wapi huna uhakika wengi hawaandiki, na anayejua kazi ndo anaitafuta hiyo kwanza.

Data za watu usiziweke huko. Sio majina tu, hata ukitoa majina, umri na kijiji na ugonjwa vikiwa pamoja vinatosha kumtambua mtu. Data ya utafiti wa binadamu ina kibali cha kamati ya maadili na kibali kinasema nani aione, muulize msimamizi kabla hujaifungua kwenye kompyuta yako, achilia mbali kuipandisha mtandaoni.

Hatua ya 9: Nafasi zenyewe

Haketoni (mikusanyiko ya siku chache ya kutengeneza kitu kwa kompyuta) na mashindano ni mazuri kwa kukutana na watu na kwa ile presha ya kumaliza, ila usijipime kwa hayo, data za mashindano zimeshaoshwa na swali limeshaulizwa, kazini hivyo viwili ndo nusu ya kazi. Nafasi zenye maana zaidi kwa mwanafunzi ni usaidizi wa utafiti, na nyingi hazitangazwi, zinatoka kwa mtu anayekujua au kwa barua pepe iliyoandikwa vizuri. Usiandike "naomba nafasi yoyote". Andika kitu kama hiki:

"Shikamoo Profesa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasoma jiografia. Nimesoma makala yenu kuhusu mvua na nimejaribu kurudia grafu ya pili kwa R, nimeifikia isipokuwa miaka mitatu ya mwisho inatofautiana kidogo. Kazi yangu ipo kwenye kiungo hiki. Ningependa kusaidia kusafisha data saa nne kwa wiki muhula huu. Kama kuna mwanafunzi wenu wa uzamivu ninayeweza kuonana naye kwanza, nitashukuru."

Fupi, umeonesha umefanya kitu, umetaja saa, na umempa njia rahisi ya kukujibu, maana kukuelekeza kwa mwanafunzi wake ni mstari mmoja tu. Asipojibu wiki mbili kumbusha mara moja halafu achana naye. Akikubali, kabla hujaanza uliza wazi mambo ya malipo na jina lako kuandikwa kwenye kazi, najua inatia aibu kuuliza, ila kusafisha data miezi sita halafu ukaishia kwenye "tunawashukuru wote waliosaidia" inauma kuliko aibu.

Na kama ulianzisha kikundi, mwaka mmoja kabla hujamaliza chuo tafuta wawili wa miaka ya chini, waachie waongoze vipindi wewe ukiwa umekaa, wape paswedi za akaunti zote, jina la anayetoa funguo za chumba, na zile data nne za Anscombe. Kikundi chetu cha kwanza kilikufa kwa sababu paswedi ilikuwa kwenye simu ya mtu aliyehitimu na simu yenyewe akaibiwa.